Mjomba, tuanze mbugani ama Lamu?

*Mjomba shikamoo. Sisi ni marafiki sita wa hapa Malindi, tuko na chama chetu cha kuchangishana hela na mwaka huu tumesema hela tuzile kwa kutembea. Plani ni kulala kwa hema Tsavo Mashariki siku mbili halafu twende Lamu tukapumzike. Gari tunayo, ya juu, ila tunabishana tuanze wapi. Na huko mbugani kuna la kuzingatia?*
*Dada wa Ngala*

Marahaba mwanangu. Anzeni mbugani, wala msipoteze mkutano mwingine kwa hilo. Mtu akitoka Tsavo amejaa vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio, vumbi lile lile linalowafanya ndovu wa kule waonekane wekundu, na ameamka alfajiri mara mbili mfululizo, sasa huyo ndiye anayefaidi Lamu. Ukigeuza, ushazoea kukaa barazani na kahawa yako, hilo hema utaliona jela.

Halafu kuna hesabu ya masaa. Kutoka hapa mpaka geti la Sala ni kama kilomita 110, watu wanasema ah ni hapo tu, wanaondoka saa nne wameshiba mahamri. Wanasahau kwamba kambi ya hema ya Ndololo iko upande wa pili kabisa, karibu na geti la Voi, na mbugani huruhusiwi kupita spidi ya 40, na ikifika saa kumi na mbili jioni uwe ushatulia kambini. Ondokeni usiku usiku, saa kumi na mbili asubuhi geti likifunguliwa muwe mko pale. Hapo mtakuwa na siku nzima ya kufuata mto Galana bila presha, mshuke pale Lugard mtazame maji yanavyojipenyeza kwenye miamba (wanaita maporomoko lakini usitegemee maji yaanguke kutoka mbinguni, na miguu msinawe, chini pale mamba wapo).

Kiingilio na kambi mnalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, getini keshi hawataki, kwa hivyo malizeni mkiwa nyumbani msije mkatafuta netiweki porini. Maji ya chupa za plastiki yaacheni, tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi mbugani, bebeni jerikeni na kila mtu na chupa yake ya bati. Na matunda jamani! Machungwa, ndizi, embe, hakuna kulala nayo ndani ya hema, ndovu ana pua na nyani ana mikono. Vyakula vyote vilale ndani ya gari, vioo juu.

Jambo moja mtanisikiliza: msitoke mbugani mkaunganisha Lamu siku hiyo hiyo. Njia yenyewe inawapitisha Malindi, laleni kwenu, fueni, kesho yake ndio mwendelee.

*Mjomba, mimi naruka hiyo ya mbuga, nataka Lamu tu na watoto na mama mkwe. Gari naiacha wapi, na bahari ikoje?*
*Baba Wawili, Barani*

Gari mwisho wake ni Mokowe, kama kilomita 220 kutoka hapa kwa njia ya Garsen na Witu. Hapo kuna watu wa kukulindia kwa malipo, patana kabla hujazima injini. Ng'ambo ni boti, na mji wa Lamu ni miguu na punda, vichochoro vyenyewe gari haipiti hata ungeibeba kichwani.

Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, vizuizi vya polisi ni vingi, na njia ile imewahi kushambuliwa kwa hivyo ni ya kupita mchana tu. Waulize watu wa mabasi hali ikoje wiki hiyo, wao ndio wanapita kila siku. Kusema kweli na mama mkwe ndani mimi ningepanda basi, nimuachie dereva mwingine lawama zote.

Bahari inategemea unaenda lini. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, hapo maji yametulia na watoto wataogelea Shela, ufuo wa kisiwani pale Lamu, raha zao. Kusi ikikaza, Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka, na Aprili na Mei ni masika, utalipia chumba ukae ndani uangalie mvua. Kwenye boti dai laifujaketi za watoto kabla hujakaa, usione haya.

*Mjomba, tunaweza kupiga hema ufuoni Shela tuokoe hela ya loji? Na magofu ya Takwa tunafikaje?*
*Vijana wa Maweni*

Hapana, Shela msipige. Yale matuta ya mchanga ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu, si mahali pa kuchimba choo. Tafuteni nyumba ndani ya mji mkodi pamoja, mkigawana kichwa kwa kichwa haiumi.

Takwa iko kisiwa cha Manda, na boti inaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko maji yakiwa yamejaa. Nahodha akikwambia tuondoke saa hii, ondoka, usimwambie ngoja nimalize chai. Mkichelewa kule magofuni maji yakatoka, mtakaa na mbu mpaka yarudi.