Usianze na picha, anza na kukata

Ndugu, umeuliza kama mozaiki ya vioo, yaani picha inayoundwa kwa vipande vidogo vya vioo, mtu anaweza kujifunza mwenyewe nyumbani, au ni lazima aende shule. Nyumbani inawezekana kabisa, ila usikimbilie picha. Kata kwanza vipande mia vya mraba vinavyolingana, mkono uzoee. Mafundi wa jadi hukatia kwa nyundo juu ya patasi iliyosimikwa kwenye gogo. Wewe kwa sasa koleo la kukatia vioo linatosha. Miwani ya kinga usiivue hata kwa kipande kimoja, na chembe usizipanguse kwa kiganja.

Kisha zitazame sana kazi za karne ya 5 na ya 6 za Ravenna, Italia. Ona safu za vipande zinavyofuata umbo la shavu au mkunjo wa vazi, na vipande vilivyoinamishwa kidogo ili mwanga urudi kwa pembe tofauti. Uhai wa picha uko hapo, na wanaoanza wengi huuua kwa kusawazisha kila kitu.

Baadaye ukitaka shule, ipo ya Spilimbergo, hukohuko Italia, iliyoanzishwa mwaka 1922. Mafunzo yake huchukua miaka 3.