Umemaliza kwa jaji, sasa uende wapi?

Vijana waliofanya kazi ya msaidizi wa jaji wakinijia huwa wana swali moja: nifungue ofisi ya uwakili au nitafute ajira serikalini? Mie huwauliza kwanza, ni jalada gani ulikuwa ukilifungua bila kusukumwa?

Maana faida uliyotoka nayo Mahakama Kuu ya Zanzibar si jina la jaji kwenye wasifu wako. Umeona kesi zinavyokufa. Umeona madai ya haki kabisa yakitupwa kwa sababu hati ya kiapo haioneshi ilipoapwa wala lini, au muda umepita na wakili hakuomba kuongezewa. Wenzako watayajua hayo mteja akishaumia.

Mie niliingia kwenye ardhi, na kwa Zanzibar naona ndiko kazi iliko. Chini ya sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992, ardhi ni mali ya umma, kwa hivyo mgeni anayetaka kujenga hoteli Paje au Nungwi hauziwi, anakodishwa. Chini ya mkataba huo wa kukodi sasa ndipo migogoro inapoanza: eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, warithi saba na aliyesaini mmoja, mwenye kiwanja huyu na mwenye minazi yule. Wakili anayekaa ofisini Vuga, mjini, akisoma nakala tu atapigwa pingamizi. Nenda shambani, mkae na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na wazee, uulize nani alikuwa akiangua nazi hizi. Jibu lake nimeliona likivunja mkataba uliopigwa mihuri yote.

Ukipenda jinai, nenda Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Hutatajirika, lakini utasimama mahakamani kila siku wakati mwenzako mwenye ofisi mpya anasubiri mteja. Mwenye kalamu tulivu apeleke maombi kwa Mwanasheria Mkuu, kwenye uandishi wa sheria. Na aliyesoma fiqhi, sheria ya Kiislamu, asiidharau Mahakama ya Kadhi. Mashauri yake hayafiki Mahakama ya Rufani ya Tanzania, yanaishia hapa hapa, na wewe unajua Mahakama Kuu inavyoyatazama.

Anayetaka Dar es Salaam akumbuke kuwa daftari la mawakili la Bara ni jengine. Afuate taratibu zake mapema, asingoje mpaka apate mteja huko.

Jengine ni la watu. Atakuja mtu, pengine jamaa yako: "Mwanangu, si ulikuwa kwa jaji wewe? Hebu tuangalizie kesi yetu imefika wapi." Mpeleke masjala akaulize kama watu wengine. Na shauri ulilolishika ukiwa kule usilichukue hata kama ada inajenga nyumba. Barua ya jaji ya kukupendekeza iombe kabla hujakabidhi majalada. Majaji huhamishwa na hustaafu.