Usiharakishe kumjibu mkulima kwamba ni tabianchi

Mdogo wangu uliyepangiwa kata huku Nyanda za Juu Kusini, swali la kwanza utakaloulizwa kwenye mkutano wa kijiji ni hili: "Bwana shamba, mvua imeenda wapi?" Au bibi shamba, kama ndiwe. Jibu jepesi litakuwa mdomoni, mabadiliko ya tabianchi, na watu watatikisa vichwa wakubaliane nawe. Nakuomba ulimeze kwanza. Nimefanya kazi ya ugani miaka ishirini na mitatu, Njombe kisha Mbarali, na hakuna jibu ninalolijutia kama hilo.

Chukua Mto Ruaha Mkuu. Unatoka bonde la Usangu, unapita Hifadhi ya Ruaha, unaingia bwawa la Mtera. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi karibu kila mwaka. Nilipofika Mbarali nami niliwaambia watu ni joto la dunia. Kisha mzee mmoja wa skimu ya umwagiliaji akanichukua, tukafuata mfereji kwa miguu mwezi wa tisa, wakati mpunga ulishavunwa zamani. Maji bado yalikuwa yanaingia mashambani, yanazagaa na kupotea, huku chini watu wakichimba mchanga wapate ya kunywa. Watafiti walioupima mto huo walisema jambo lile lile: sababu kubwa ni maji tunayoyachepusha kiangazi. Joto linaongeza uvukizi, kweli, lakini lango la mfereji linafungwa kwa mkono. Kwa kuwaambia wale wakulima ni tabianchi, nilikuwa nimewapa ruhusa ya kuliacha wazi.

Njombe utakuta habari hiyo hiyo kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Bonde limekauka, watu wanalaumu mbingu, na hatua chache juu ya chemchemi kuna milingoti imesimama, miti inayonyonya maji mengi. Panda juu uangalie kwanza.

Hayo hayana maana kwamba tabianchi ni uongo. Inabadilika, na ni jambo zito, ndiyo maana sitaki litumike kufunika kila kitu. Hali ya hewa ni ya leo na ya msimu huu. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Mwaka mmoja mbaya hautoshi kuthibitisha, na mwaka mmoja mzuri hautoshi kukanusha.

Chanzo chake usikifundishe kwa mchoro wa kitabuni. Nenda Makete au Kitulo mwezi wa sita, muulize mama anayelima viazi ni usiku gani sakitu huanguka, ule weupe unaounguza majani alfajiri. Atakwambia ni usiku mweupe, nyota zote zinaonekana. Kukiwa na mawingu viazi hupona. Hapo ameshakupa somo lote: ardhi hutoa joto usiku, mawingu hulizuia na kurudisha sehemu yake chini. Gesijoto, yaani gesi za hewani zinazozuia joto, hufanya kazi ya namna hiyo, mchana na usiku, duniani kote. Kubwa kati ya zile tunazoziongeza ni hewa ukaa, itokayo kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi tunayochoma, pamoja na misitu tunayofyeka. Kabla ya viwanda ilikuwa chembe kama 280 katika kila chembe milioni za hewa. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 ilikuwa kama 315. Sasa imepita 420.

Usiseme tabaka la ozoni limetoboka ndiyo maana kuna joto. Nami nilifundisha hivyo miaka yangu ya mwanzo, na bado nalisikia kwenye semina. Ozoni inatukinga na miale mikali ya jua, na iliharibiwa na gesi za majokofu na vipulizio. Ni tatizo jingine, lenye dawa yake.

Wala usimhutubie mama anayepikia kuni kama vile yeye ndiye aliyeipasha dunia. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Mzungumzie msitu kwa sababu ya chemchemi yake na udongo wake. Atakuelewa, na utakuwa umemtendea haki.

Kuhusu mvua, kumbuka hili: hewa ikipata joto nyuzi 1 zaidi, hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ndiyo maana mvua kubwa huweza kumwagika kwa siku chache na kiangazi nacho kikazidi ukali, bila moja kupinga nyingine. Kwa mkulima wetu, hatari kubwa ni mvua ya kupandia kunyesha, mahindi yakaota, kisha ikakata wiki mbili au tatu. Hapo ndipo ushauri wako una thamani: mbegu ya muda mfupi kwa sehemu ya shamba, matandazo, makinga maji, kutokupanda ekari zote siku moja. Na usije na lugha ya masika na vuli uliyoisoma kwa ajili ya kaskazini. Huku tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa maeneo kama yetu hutolewa peke yake. Usome mwezi wa kumi, kabla watu hawajanunua mbegu.

Wiki ya kwanza, tafuta kipima mvua. Kisimike mahali pa wazi, mbali na miti na paa, ukisome kila siku saa 3 asubuhi na uandike hata kama ni sifuri. Siku ya sifuri isiyoandikwa huharibu mwezi mzima. Pitia na kabati la ofisi. Kama aliyekutangulia ameacha daftari la mvua, linakili lote kabla mchwa hawajalifikia, kisha upeleke nakala kwa mtendaji wa kijiji.