Skani imeonyesha uvimbe kwenye ubongo: uanze na daktari gani?

Ripoti ikishasema kuna uvimbe ndani ya kichwa, nyumba nzima hushika simu. Shangazi anamjua daktari wa Nyali, jirani amesikia wa Nairobi, mwingine anasema mgonjwa apelekwe India moja kwa moja. Ushauri wetu ni huu: ni picha, wala si jirani, itakayokuambia uende kwa daktari gani. Ishike mkononi kwanza.

Ila kuna mgonjwa asiyengoja kuchaguliwa daktari. Akiwa na usingizi mzito usio wa kawaida, akitapika mfululizo huku kichwa kikizidi kuuma, upande mmoja wa mwili ukilegea, au kifafa kikipita dakika 5, mpelekeni kitengo cha dharura saa hiyo hiyo, Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu nanyi zaidi. Miadi itafuata baadaye.

Aliyetulia ana nafasi ya kupanga. Ripoti ni karatasi mbili tu, lakini picha ni mamia, na mpasuaji huamua kwa picha. Omba CD yenye picha zote za DICOM (faili asili za mashine ya skani), na kabla hujaondoka kaunta waombe waifungue kwenye kompyuta yao. Hakikisha jina ni la mgonjwa wako na picha zinapita moja baada ya nyingine. CD tupu hugunduliwa siku ya miadi Nairobi, nauli ya SGR imekwisha kuliwa. Nakili folda nzima kwenye flashi, na CD yenyewe usiiache juu ya dashibodi mkingoja feri Likoni, maana jua lile huiharibu. Filamu iliyoinuliwa dirishani, ikapigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp, humwonyesha daktari kwamba kuna kitu. Haimwonyeshi kimegusa nini.

Tazama pia ni skani ya aina gani. Wengi huanza na CT, kwa kuwa ni ya haraka na huonyesha damu vizuri. Kwa uvimbe, mpasuaji karibu kila mara atataka MRI ya kontrasti, yaani inayopigwa kabla na baada ya sindano ya gadolinia, dawa inayofanya uvimbe uonekane vizuri zaidi. Kwa sindano hiyo huenda ukapimwa kreatinini, kipimo cha damu cha kujua hali ya figo. Mwenye kifaa cha moyo, chuma mwilini au mimba aseme mapema.

Sasa daktari. Daktari wa neva hutibu kifafa, kiharusi na maumivu ya kichwa kwa dawa, hapasui. Wa kuonwa kwanza, mara nyingi, ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, hata kama familia haitaki kusikia habari za kisu. Yeye ndiye anayeweza kusema uvimbe utolewe, uchukuliwe kinyama tu (kipande kidogo cha kupimwa maabara), au uachwe ukiangaliwa. Meningioma ndogo isiyosumbua, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, kwa mfano, mara nyingi hufuatiliwa kwa MRI baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka.

Mahali ulipo uvimbe hubadilisha mambo. Ripoti ikitaja tezi ya pituitari, tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo, mtafute na daktari wa homoni, na damu ipimwe prolaktini, mojawapo ya homoni za tezi hiyo, kabla ya mtu yeyote kupanga upasuaji. Prolaktinoma, uvimbe unaotoa homoni hiyo, kwa kawaida hunywea kwa vidonge vya kabergolini, na inasikitisha mtu kupasuliwa kwa kitu ambacho kidonge kingekimaliza. Mwone pia daktari wa macho akupime upana wa kuona, kwa sababu tezi hiyo iko chini ya mishipa ya macho.

Uvimbe ukionekana sehemu kadhaa, huenda ni saratani iliyotoka kwenye mapafu au matiti, na hapo daktari wa saratani huingia mapema. Lakini huku kwetu usisahau kifua kikuu cha ubongo, usaha, tegu, na vimelea vya toksoplasma kwa mwenye virusi vya ukimwi. Vyote hivi huweza kufanana na uvimbe wa saratani kwenye skani, na vina dawa. Kipimo cha virusi na picha ya kifua visionewe haya. Vifanywe wiki hiyo hiyo.

Jambo linaloharibika sana ni dawa ya deksamethasoni. Hupunguza maji yanayozunguka uvimbe, na mgonjwa huamka kesho yake akiomba chai. Lakini kama uvimbe ni limfoma, aina ya saratani ya chembe za kinga, dawa hiyo huusinyaza kwa muda, kinyama kikichukuliwa maabara isione kitu. Mgonjwa ambaye hali yake si mbaya, mpasuaji aulizwe kabla ya kidonge cha kwanza. Akishaianza, anywe akiwa amekula, sukari ipimwe, na asiiache ghafla: hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari. Aliyeanguka kifafa asiendeshe bodaboda, asipande mnazi, asiingie baharini mpaka daktari aruhusu.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni, uone leseni ya mwaka huu na ubingwa wake. Ukiwa mbele yake, uliza waziwazi: daktari, uvimbe wa mahali hapa umepasua mara ngapi mwaka uliopita? Ni wewe utakayeshika kisu? Kitanda cha ICU kipo? Kinyama kitapelekwa maabara gani, na majibu huchukua siku ngapi? Mpasuaji mzuri hajibu kwa hasira, wala hakasiriki ukipeleka CD ile ile kwa mwenzake wa hospitali nyingine. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, ofisi ya bima ya hospitali yenyewe iulizwe kabla ya kulazwa, si baada.

Swali la mwisho wengi hulisahau: majibu yakija ni saratani, tiba ya mionzi itafanyiwa wapi? Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mpango wa kawaida ni vipindi 30, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Ikiwa itakuwa Nairobi, anzeni sasa kutafuta ndugu wa kumkaribisha mgonjwa, karibu na hospitali.