Kabla Hujamnunulia Pambo, Tazama Anavyolitunza

Wateja wanaokuja kwangu hapa Lubumbashi kutafuta zawadi huniuliza mara kwa mara iwapo mwanamke apendaye dhahabu ana majivuno na apendaye fedha ni mpole. Huwajibu kwamba madini yenyewe hayasemi mengi, kwa sababu mfuko, kazi na desturi za ukoo huchagua kabla tabia haijapata nafasi. Muuguzi, kwa mfano, haendi kazini na pete yenye kito kilichochomoza, hata akiipenda kupindukia, kwani huchana glavu. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimsifu kijana kwa uchaji wake kwa sababu ya msalaba wa shaba uliokuwa kifuani mwake, kumbe ulikuwa msalaba wa Katanga, wenye umbo la X, ambao wazee wetu waliutumia kama pesa kabla ya ukoloni na ambao mifano yake midogo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale. Kijana aliitikia tu, "Asante, mama."

Dalili ninayoiamini zaidi ni jinsi mtu anavyolitunza pambo lake, hasa likiwa la malakiti. Jiwe hili la kijani, linalopatikana kwenye mashapo yetu ya shaba, ni laini: katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, ambacho almasi ina 10, lenyewe lina kati ya 3.5 na 4, hivyo mchanga wa kusugulia sufuria hulikwaruza, na ndimu au siki hula mng'ao wake. Mteja wangu mmoja hufungua fundo la kitenge, akatoa kipande cha pamba, na ndani yake pete ya zamani ambayo mistari yake bado inang'aa. Huyo ana subira; mnunulie malakiti bila wasiwasi. Mwingine, bangili yake imekaukiwa na unga wa bukari (ugali) kwenye nakshi, nami simwiti mzembe (wengi wao ndio wachapakazi wa nyumba), ila hataki kitu kinachodai uangalizi, basi mtafutie bangili nene ya shaba. Mweleze tu kwamba shaba ikikutana na jasho huweza kuacha alama ya kijani mkononi, nayo huondoka kwa sabuni.

Mtazame siku ya kazi, si siku ya harusi, ambapo mapambo mengi huwa ya kuazima. Ukiamua kununua dhahabu, tafuta chapa ya 750, yaani karati 18, kisha umwombe sonara aipime mbele yako, maana chapa hughushiwa.