Mwanangu, kuhusu ule mfuko wa taka wa dola 1,790

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila goti langu ndilo lina maneno yake siku za baridi. Barua yako ilinikuta nimeinamia cherehani, na nilipofika kwenye picha uliyoambatisha nikadhani umenipigia picha taka za ofisini kwenu. Kumbe ndilo swali lenyewe. Umeniuliza: "Mama, umeshona mikoba tangu sijazaliwa. Niambie ukweli wa fundi: mfuko huu wenye sura ya mfuko wa taka, dola 1,790, ni wizi au ni mimi nisiyejua kitu? Na ungekuwa mimi, ungenunua?" Chini kabisa, kama mtu anayenong'ona, ukaongeza kwamba mwenzako ofisini anao na wewe fedha umeshaanza kuweka.

Lile la kununua nitalijibu mwishoni. Nakujua, ukishalipata hutasoma kilichobaki.

Kwanza tuutendee haki mfuko wenyewe. Ule wa Balenciaga, kampuni ya mitindo ya kifahari, uliotoka 2022 si wa plastiki. Ni ngozi ya ndama, imelainishwa na kung'arishwa mpaka ikafanana na plastiki, na mdomoni una kamba ya kuvuta. Usidhani hiyo ni kazi ya mchezo. Ngozi ina ukaidi wake. Ukiikunja inataka kuonyesha kovu la mnyama, upele wake, mahali alipokwaruzwa na mti. Kuifikisha mahali ikakubali kujifanya kitu kisicho na historia, fundi wake lazima awe na mkono.

Na vitu vingi vya makampuni ya mitindo ulivyonitajia ni vya namna hiyo hiyo, yaani kitu cha thamani kilichovishwa sura ya kitu cha bure. Kibanio cha karatasi cha Prada cha mwaka 2017, dola 185, kilikuwa cha fedha halisi. Kopo la Tiffany, masonara wa New York, la mwaka huo huo, linalofanana na kopo la bati lililomalizwa chakula, dola 1,000, nalo la fedha. (Kopo la fedha kwa fedha. Kiswahili kimeshawacheka kabla yetu.) Lakini mfuko wa kaki wa Jil Sander wa 2012, dola 290, ulikuwa karatasi kweli, karatasi iliyopakwa kitu cha kuikaza kisha ikashonwa. Na tofali la Supreme la 2016, dola 30, lilikuwa tofali. Udongo wa kuchoma na nembo juu yake.

Sasa nikupe jambo ambalo mafundi tunalijua na wateja hawapendi kulisikia. Ule mkoba wa kahawia wa Louis Vuitton wenye herufi na maua, ambao hakuna anayeucheka, mwili wake si ngozi. Ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki, jamii moja na vitambaa vya meza vya kupangusa. Ngozi iko kwenye mishikio na kwenye kingo. Nakshi yenyewe ni ya mwaka 1896, na turubai hili laini lenye plastiki lipo tangu 1959. Mteja mmoja aliniletea wake nimbadilishie mshikio. Nilipofumua mshono akaona nyuzi za pamba zikichungulia, akaninyamazia kama nimemtukania mama yake. Nilimwambia nilichokwambia wewe: ni kitambaa kizuri, maji hayakipati, hakina uzito, kinazeeka kwa adabu kuliko ngozi nyingi ninazoletewa hapa. Hakukubali. Alitaka iwe ngozi.

Basi ona: kama mkoba wa pamba na plastiki unaheshimiwa, na mfuko wa ngozi ya ndama unachekwa, kinachotuchekesha hakiko kwenye malighafi.

Wala usidhani urahisi wa kitu ni tabia ya kuzaliwa nayo. Alumini, hii ya sufuria zetu, kulikuwa na wakati katika karne ya 19 ambapo sonara wa Paris waliitengenezea vikuku. Mnara wa Washington kule Marekani ulipokamilika mwaka 1884 kilele chake kilifunikwa na kipande cha alumini, na kabla hakijapandishwa juu kiliwekwa kwenye onyesho New York, ndani ya duka la Tiffany. Duka lile lile la kopo. Miaka 2 baadaye ikagunduliwa njia ya kuitoa alumini kwa umeme, na kito kikashuka kutoka shingoni kikaingia jikoni. Mimi napenda sana habari hii, na ndiyo maana nimeiingiza ingawa hukuuliza.

Turudi kwenye bei. Mimi nikipanga bei ya mkoba nahesabu ngozi, bitana, zipu, uzi, gundi, vyuma, saa zangu na umeme, kisha naongeza cha kuninunulia ngozi ya kesho. Hata nikijilipa mshahara wa waziri sifiki dola 1,790. Wenzetu hawaanzii huko. Kampuni ya LVMH, yenye Louis Vuitton na Dior, mwaka 2023 iliuza mitindo na bidhaa za ngozi zenye thamani ya euro bilioni 42.2, na faida ya uendeshaji ya upande huo ikawa bilioni 16.8. Maana yake katika kila euro 100 uliyoiacha pale kaunta, kama 40 hivi ni faida, na hapo wameshalipa ngozi, mafundi, maduka ya marumaru, matangazo na watu maarufu wa kuketi mstari wa mbele.

Na mafundi wenyewe wanalipwaje? Mwaka 2024 waendesha mashtaka wa Milan walichunguza karakana ndogo zilizokuwa zikipewa kazi za Dior, na nyaraka zikaonyesha mkoba uliokuwa ukiuzwa euro 2,600 uliunganishwa kwa malipo ya euro 53, malighafi kando. Nilipofika hapo niliweka mkasi chini. Kwa hiyo ukitaka kulitumia lile neno wizi, usianze na mnunuzi. Mnunuzi kaiona bei, kaikubali, kafungashiwa na utepe. Mwulizie kwanza aliyeketi kwenye cherehani.

Tena hawa watu wanaogopa rahisi kuliko wanavyoogopa hasara. Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, iliteketeza bidhaa zake zisizouzika zenye thamani ya pauni milioni 28.6 katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2018. Kelele zilipozidi, Septemba ikatangaza kuacha. Kushusha bei wakaona ni aibu, moto wakaona ni afadhali.

Kwa hiyo zile dola nyingine zote zinalipia nini? Hapa ndipo nilipokaa na barua yako siku tatu.

Ule mfuko wa miraba wa plastiki iliyofumwa, mwekundu au wa bluu, ambao Waswahili tumeubatiza shangazi kaja, Afrika Magharibi unaitwa Ghana Must Go. Mwaka 1983 Nigeria iliwafukuza wahamiaji wasio na vibali, Waghana wengi miongoni mwao, na watu wakasomba maisha yao ndani ya mifuko hiyo. Mwaka 2007 Louis Vuitton, mbunifu wao akiwa Marc Jacobs, wakapandisha miraba ile ile jukwaani na nembo yao juu.

Mimi nimesafiri na shangazi kaja, mwanangu, na wewe ukiwa mgongoni. Nalijua jicho la mtu wa ukaguzi anapouona. Anakuita pembeni kabla hujafika kwake, anaingiza mkono mpaka chini, anatoa nepi mbele za watu. Mwenye ule wa nembo haitwi pembeni. Anapigwa picha.

Hicho ndicho kinachouzwa: uhakika kwamba hutadhaniwa maskini. Anayebeba mfuko wa taka wa dola 1,790 anawaambia watu, tazameni, naweza kujifananisha na asiye na kitu na hapana hata mmoja wenu atakayekosea. Ile bangili ya Balenciaga ya 2024 iliyofanana na selotepu nzima ni sentensi hiyo hiyo iliyovaliwa mkononi. Mzaha huu hauna ladha mpaka anayeufanya awe mwenye nacho, na wanaomtazama wajue kwamba anacho. Anayezoa taka akiupita mlango huo huo na mfuko wake begani, hakuna anayecheka. Hata kumwona hawamwoni. Umaskini wa kuvaa asubuhi na kuvua jioni ni vazi la gharama, na mimi sishangai tena bei yake. Kinachonikera ni kwamba waliouvaa bila kuuvua ndio waliotoa mchoro, na hawakuulizwa.

Nisiwe mkali kwa wote, lakini. Mwaka 1984 Miuccia Prada alichukua nailoni ngumu iliyozoeleka kwenye vifaa vya jeshi akaishonea mabegi, na kampuni ya familia yao ilikuwa ya bidhaa za ngozi tangu enzi za babu yake. Pale hapakuwa na kumcheka mtu. Nailoni ni nyepesi, haishiki maji, haitaki kubembelezwa, naye aliishona kama nailoni bila kuivisha uongo. Wazo lile nalikubali kabisa. Bei siikubali, lakini wazo nalikubali, na mabegi mawili matatu niliyoshona mwenyewe yana deni kwake.

Na kuna waliojua kujibu. Mwaka 2017 Balenciaga walipotoa mkoba wa ngozi wa bluu, dola 2,145, unaofanana kama pacha na ule mfuko wa kubebea mizigo wa IKEA, wale wauza samani, wa senti 99, IKEA hawakwenda kushtaki. Walitoa tangazo la kuwafundisha watu namna ya kuutambua mfuko wao halisi: utikise, ukichakarisha ndio wenyewe; ukichafuka umwagie maji ya mpira; tazama bei. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Ndivyo fundi anavyotakiwa kujibu, kwa kuonyesha kazi ya kitu.

Haya, swali lako la pili. Hapana, nisingenunua.

Si kwa sababu ni wizi. Nimekwambia si wizi kwako wewe. Ni kwamba mzaha hausimuliwi mara mbili. Siku ya kwanza ofisini watashangaa, siku ya pili watatabasamu, wiki ya tatu utakuwa umebeba mfuko wa taka. Mkoba wa kweli unafanya kinyume chake: siku ya kwanza haumwambii mtu kitu, mwaka wa tano watu wanakuuliza uliupata wapi. Tena ule hauna mfuko wa ndani wa funguo, nimeutazama kwenye picha zako zote, na wewe hukosi kupoteza funguo. Jambo jingine ni lile neno lako, "nimeshaanza kuweka". Waliotengeneza mzaha huu hawakukufikiria wewe unayeweka kidogo kidogo. Wamemfikiria asiyehesabu. Anayehesabu akiununua, anaulipia mzaha ambao yeye mwenyewe ndiye anachekwa ndani yake, na hilo mama yako haliwezi.

Lakini fedha ni zako na mabega ni yako. Ukiununua sitakununia. Ukija nao nitaufungua niutazame kwa ndani, maana nina hamu kweli ya kujua ngozi ile wameikunja vipi pale kamba inapopita bila kuichana.

Na ule mkoba wako mweusi uliosema mshikio umekatika, usiutupe. Upige picha kwa ndani, pale mshikio unapoingia kwenye pete, mchana karibu na dirisha, usitumie taa ya simu maana inanipoteza. Nataka kuona kama ni uzi uliooza au ni ngozi iliyochanika. Kama ni uzi, ulete tu ukija. Nina mwingine wa nta, rangi ile ile.

Mama yako