Re: Kikohozi cha kutapika, na ndani kuna kichanga

Pole na mauguzi, dada. Umesema mwanao wa miaka 7 anakohoa wiki ya pili sasa, usiku ndiyo zaidi, mpaka anatapika, na ndani mna kichanga cha mwezi mmoja. Jirani yako hapo Makorora kakwambia ni kifaduro. Huenda hajakosea.

Wangu wa pili alikipata tukikaa Ngamiani. Anakohoa mfululizo hadi midomo inaiva zambarau, kisha anavuta pumzi kwa mlio kama kijogoo kinachojifunza kuwika. Mlio ule ukishausikia huusahau.

Ila wasiwasi wangu uko kwa huyo mdogo. Chanjo ya penta, ambayo ndiyo inakinga kifaduro, huanza wiki ya 6, halafu ya 10 na ya 14, kwa hiyo yeye bado hajachanjwa. Na kichanga mara nyingi hatoi mlio, anakata pumzi tu na kubadilika rangi. Ukiona hivyo usingoje kukuche, mkimbize hospitali ya Bombo.

Mkubwa mpeleke kituoni leo. Kifaduro huletwa na bakteria, wana antibayotiki yao. Baada ya siku 5 za dawa huwa haambukizi tena, ingawa kikohozi chenyewe kinaweza kujikokota miezi. Mpaka siku hizo 5 ziishe alale chumba kingine, shule asiende. Asali na karafuu za bibi mpe yeye akitaka, lakini kichanga asilambishwe asali hata tone.

Na ukifika waambie mapema kwamba nyumbani kuna mtoto mchanga, maana wanaweza kuwapa dawa nyumba nzima.